Kiwanda Kimefungwa, Mshahara Wangu Je?

Msikilizaji wetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, umebangua korosho msimu mzima, asubuhi moja unakuta kufuli mlangoni na tajiri hapokei simu. Usikate tamaa: kufunga biashara hakufuti deni la mshahara.

Kwanza, kusanya ushahidi: mkataba, daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, na wenzako mliokuwa kazini pamoja. Hukupewa mkataba wa maandishi? Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri asiyeweza kuuonyesha ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Pili, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba moja, na nakala umfikishie mwajiri. Madai ya mshahara yana siku 60. Kuachishwa kazi isivyo halali, siku 30. Ukichelewa, itakubidi uombe ruhusa na kueleza sababu.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake hukaziwa mahakamani.

Siku zinahesabika, msikilizaji. Usimngoje tajiri arudi, anza leo.