Nuru ya Kale na Cheti cha Umri
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Haltom City, Texas



Nilipoambiwa nichague mada mwenyewe, wengi walidhani nitazungumzia pensheni. Nimechagua jambo la mbali zaidi, pengine la mbali kuliko yote ambayo binadamu amepata kuyaona: galaksi za kale zilizowaka ulimwengu ulipokuwa bado mchanga. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza, sehemu ya kazi hiyo ya kuzitafuta imefanyika katika jimbo hili tunaloishi. Ya pili inahusu daftari la shajara yetu, nami nitaifikia.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Sisi tumo ndani ya mmoja, ule uitwao Njia Nyeupe. Hapa Haltom City hauonekani kwa sababu ya taa za Fort Worth, lakini waliokulia shamba wanaukumbuka, ukikatiza mbingu kama moshi. Nuru husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, nuru ya jua huchukua dakika nane kutufikia, na ya galaksi za mbali huchukua miaka mabilioni. Mnazikumbuka zile barua za ndege za karatasi ya buluu? Uliposoma kwamba mtoto amezaliwa, mtoto mwenyewe alikuwa ameshaanza kukaa. Ndivyo ilivyo kwa anayetazama mbali angani: anachokiona ni habari ya wakati nuru ilipoondoka. Wataalamu wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8. Wanaotafuta galaksi za mwanzo wanataka kusoma barua zilizotumwa katika miaka milioni mia chache za kwanza.

Ugumu ni kwamba barua hizo hufika zimechakaa. Ulimwengu unatanuka, na nuru inayosafiri ndani yake hunyooshwa pamoja nao. Nuru iliyoondoka ikiwa kali, ya urujuanimno, hutufikia ikiwa imevutwa kupita wekundu hadi kwenye miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni ila ngozi huihisi kama joto. Tena, gesi ya hidrojeni iliyotanda zamani zile ilimeza sehemu ya nuru hiyo njiani. Kwa hiyo watafiti hupiga picha ya kipande kimoja cha mbingu mara nyingi, kila mara kwa kichujio cha rangi tofauti. Kidoa kinachoonekana kwenye picha za wekundu wa mbali, na kutoweka kabisa kwenye nyingine zote, hushukiwa kuwa cha kale sana.

Nimesema hushukiwa, na neno hilo nimelichagua. Katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo nilikofanya kazi kabla ya kuhamia huku, mtu mzima alikuja na kiapo kwamba alizaliwa mwaka fulani. Tulikipokea kwa adabu zote, kisha tukauliza: kadi ya kliniki iko wapi? Cheti cha ubatizo je, au barua ya mwalimu mkuu? Rangi ya galaksi ni kiapo. Cheti chake ni spektra, yaani nuru yake ikipitishwa kwenye chombo kinachoitandaza mithili ya upinde wa mvua. Humo hidrojeni na oksijeni huacha mistari mahali panapojulikana. Ukipima mistari hiyo imesogea kiasi gani kuelekea kwenye wekundu, umepata tarehe.

Cheti hicho hakipatikani kirahisi. Mwaka 2013 Steven Finkelstein wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, pamoja na wenzake, wakiwemo wa Texas A&M, walichagua galaksi 43 zilizoshukiwa kuwa za kale katika picha za darubini ya Hubble, wakaziangalia kwa darubini kubwa ya Keck huko Hawaii. Katika zote hizo ni moja tu iliyowapa mstari wa kuaminika. Ilipewa jina lisilopendeza, z8_GND_5296, na nuru yake iliondoka takriban miaka milioni 700 baada ya mwanzo. Wakati ule hapakuwa na galaksi ya mbali zaidi iliyothibitishwa kwa njia hiyo. Moja katika arobaini na tatu! Mkuu wa kitengo angeniuliza nimefanya nini mwezi mzima.

Darubini iliyobadili mambo ni James Webb, na hapa ndugu zetu wa Houston wana sehemu yao. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kikiwa na vipande 18. Kwa kuwa inatafuta infraredi, yaani miale ya joto, yenyewe lazima iwe baridi kupindukia. La sivyo itang'aa na kujipofusha, kama mtu anayetafuta mwanga wa kibatari cha jirani huku ameshika karabai mbele ya macho. Mwaka 2017 vioo na vyombo vyake viliingizwa katika chumba kikubwa cha majaribio cha Kituo cha Anga cha Johnson, Houston, chumba kilekile kilichotumika enzi za Apollo. Hewa iliondolewa na baridi ikashushwa zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Jaribio lilianza Julai. Mwishoni mwa Agosti likaja tufani la Harvey. Wiki ile sihitaji kuwasimulia. Wapo humu waliotoka nyumbani kwa mtumbwi. Wakati huohuo mafundi walikuwa wanalala kituoni, wakihofia naitrojeni ya kupoozea isije ikaisha barabara zikiwa zimefunikwa na maji. Jaribio halikukatizwa, na darubini ikatoka salama.

Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Kituo cha Malindi, pwani ya Kenya, kilikuwa miongoni mwa vilivyofuatilia ishara zake za mwanzo. Si jambo geni kwa Malindi: ni kutoka baharini karibu na hapo iliporushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, iliyochunguza miale ya eksirei angani. Mjukuu aliyeniambia kwamba mambo ya anga si ya kwetu ayaandike hayo.

Picha za Webb zilipoanza kutoka katikati ya mwaka 2022, kundi la Finkelstein lilipata kidoa kilichoshukiwa kuwa cha kale mno, akakiita Galaksi ya Maisie kwa jina la binti yake, kwa sababu kilipatikana siku ya kuzaliwa kwake. Kidoa kingine, CEERS-93316, kilidaiwa kuwa cha kale zaidi, cha miaka kama milioni 250 tu baada ya mwanzo. Dai hilo liliwasumbua wengi, kwani galaksi angavu kiasi kile haikutarajiwa mapema hivyo. Vyote viwili vikapelekwa kwenye spektra, na majibu yakachapishwa pamoja katika jarida la Nature, Agosti 2023. Maisie ilipata cheti chake: miaka kama milioni 390 baada ya mwanzo. Ile nyingine ilikutwa ni ya miaka zaidi ya bilioni moja baada ya mwanzo. Vumbi na mistari mikali ya gesi yake vilikuwa vimeigiza rangi ya uzee.

Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo linalostahili sifa. Walikuwa na hadithi tamu mkononi, magazeti yameshaiandika, na bado waliomba saa za darubini ili kuihakiki, wakaiandika tarehe ya kweli kwa wino uleule.

Isidhaniwe kwamba ya kale hayakupatikana. Galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyothibitishwa mwaka 2024, ni ya takriban miaka milioni 290 baada ya mwanzo, na MoM-z14, iliyotangazwa mwaka 2025, ni ya kama milioni 280. Katika ile ya 2024 imegunduliwa oksijeni. Oksijeni haikuwepo hapo mwanzo; huiva ndani ya nyota na kumwagwa zinapokufa. Basi hata galaksi hiyo changa tayari ilikuwa na marehemu wake.

Sasa nirudi kwenye daftari letu. Kamati imekusanya majina mengi kwa bidii, nami naipongeza. Lakini nimeyapitia kwa jicho la karani. Wazee kumi na mmoja wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na wote tunajua ni nani aliyeijaza tarehe hiyo, na kwa ajili ya fomu gani. Bibi mzaa babu yetu ameandikwa mwaka ambao ungemfanya awe mdogo kuliko mwanawe wa kwanza.

Napendekeza safu ya miaka igawanywe mbili: iliyokadiriwa na iliyothibitishwa, na mbele ya kila uthibitisho liandikwe jina la aliyesema au karatasi iliyoonekana. Napendekeza pia daftari lisiende kwa mpiga chapa kabla ya Desemba. Wamebaki bibi wawili tu Tanga wanaoweza kusema nani alimtangulia nani, na mmoja wao amepita miaka tisini, hata kwa hesabu yangu mimi. Atakayesafiri nyumbani mwezi wa Agosti anione baada ya chakula. Maswali nimeshayaandika, kurasa nne, kwa herufi kubwa.