Nchi Jirani: Wasichana wa Magongo na Milango Iliyofungwa

Mji wa Potchefstroom, ulioko katika Jimbo la Kaskazini Magharibi la Afrika Kusini, si mgeni masikioni mwa watu wa jeshi. Makaburu waliuanzisha mwaka 1838, wakaufanya makao makuu ya kwanza ya jamhuri yao ng'ambo ya mto Vaal, na hadi leo ndipo ilipo shule ya mizinga ya jeshi la nchi hiyo. Chuo kikuu cha mji huo kilikuwa ngome ya wasomi wa Kikaburu kwa miaka mingi. Ni mwaka 2004 tu ndipo kilipounganishwa na chuo cha Mmabatho kikawa Chuo Kikuu cha North-West. Katika viwanja vya chuo hicho ndipo palipopangwa kuchezwa Kombe la Dunia la mpira wa magongo kwa wasichana wasiozidi miaka 21, kuanzia tarehe 5 hadi 16 Desemba, 2021.

Mashindano hayo yalianzishwa Ottawa, nchini Kanada, mwaka 1989, na Ujerumani Magharibi ndiyo iliyolitwaa kombe la kwanza. Tangu hapo yalipita Hispania, Korea Kusini, Argentina, Chile, Marekani na Ujerumani. Ilipita miaka 32 bila kombe hilo kukanyaga ardhi ya Afrika hata mara moja. Basi si ajabu kwamba wenyeji, pamoja na majirani zao wa Zimbabwe waliopata nafasi ya kushiriki, walihesabu siku.

Zikiwa zimebaki siku kumi tu, mambo yaligeuka. Tarehe 25 Novemba, 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini waliitangazia dunia kwamba wamegundua sura mpya ya kirusi cha UVIKO-19, kile ambacho siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani lilikipa jina la Omicron. Walitangaza mapema, kwa uwazi, na kwa faida ya kila taifa. Jibu walilopata halikuchukua hata siku mbili. Uingereza ilizipiga marufuku safari za ndege kutoka nchi sita: Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Eswatini, Namibia na Zimbabwe. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata, na Marekani nayo ikaongeza Msumbiji na Malawi katika orodha yake. Kombe la wasichana likasimamishwa papo hapo.

Askari yeyote aliyewahi kusimama lindo usiku analifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mlinzi akiona dalili ya adui akapiga ukelele, kambi yote huamka kumsaidia. Hakuna kamanda mwenye akili timamu atakayeamuru mlinzi huyo afungiwe nje ya lango kwa kuwa sauti ya hatari imetoka upande wake. Lakini hivyo ndivyo mataifa tajiri yalivyowatendea watu wa kusini mwa Afrika. Rais Cyril Ramaphosa alipolihutubia taifa lake tarehe 28 Novemba alieleza masikitiko yake makubwa, akataka vikwazo hivyo viondolewe, kwa kuwa havikuwa na msingi wa kisayansi.

Siku mbili tu baada ya hotuba hiyo, idara ya afya ya Uholanzi ilitoa taarifa ambayo ilistahili kusomwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyosomwa. Vipimo vilivyochukuliwa katika nchi hiyo tarehe 19 na 23 Novemba vilikuwa tayari na kirusi hicho. Yaani Omicron ilikuwa imekwisha kuingia Uholanzi kabla Afrika Kusini haijasema neno, na kabla ndege yoyote haijazuiwa.

Tena yafaa kukumbuka kwamba wakati huohuo Kombe la Dunia la vijana wa kiume lilikuwa linachezwa Bhubaneswar, nchini India. Lilianza tarehe 24 Novemba na likaendelea hadi tarehe 5 Desemba, Argentina ikawa bingwa, na vijana wa Afrika Kusini na wa Misri walikuwamo uwanjani. Wavulana walimaliza michezo yao. Wasichana ndio waliobaki na mabegi yao yaliyofungwa.

Uingereza iliondoa marufuku yake tarehe 15 Desemba, na Marekani ikafuata mwisho wa mwezi. Mashindano yakapangwa upya, nayo yakachezwa Potchefstroom kuanzia tarehe 1 hadi 12 Aprili, 2022. Urusi haikuwapo, kwani ilikuwa imeondolewa na shirikisho la mchezo huo kwa sababu ya vita vya Ukraine. Uholanzi, taifa lilelile la vipimo vya Novemba, iliifunga Ujerumani mabao 3 kwa 0 katika mchezo wa mwisho na kulichukua kombe. Uingereza ilipata nafasi ya tatu baada ya kutoka sare ya 2 kwa 2 na India na kushinda kwa mapigo ya kuamua mshindi.

Kuwapo kwa Zimbabwe katika kombe hilo kuna historia yake. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 18 Aprili, 1980, na haijatimiza hata miezi minne ilipopeleka timu ya wanawake wa magongo katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, ikiitwa wiki chache tu kabla, mataifa makubwa ya mchezo huo yalipokuwa yamesusia. Wachezaji wote walikuwa wazungu, na hawakuwa wamezoea kucheza katika uwanja wa nyasi za bandia. Tarehe 31 Julai waliifunga Austria mabao 4 kwa 1 na kutwaa medali ya dhahabu. Tanzania nayo ilikuwa na timu ya magongo ya wanaume huko Moscow. Ilishika nafasi ya sita kati ya timu sita, jambo ambalo wengi wamelisahau kwa sababu ya medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Nyasi hizo za bandia ndizo zinazoamua mengi hadi leo. Mchezo wa kimataifa hauchezwi tena juu ya majani ya kawaida, na uwanja mmoja una gharama ambayo klabu chache za Afrika zinaweza kuibeba. Kijana aliyejifunza mchezo katika kiwanja cha udongo huukuta mpira una kasi nyingine kabisa.

Kombe lililofuata lilichezwa Santiago, Chile, mwishoni mwa mwaka 2023. Afrika Kusini na Zimbabwe zilikwenda, na safari hiyo ndege zao ziliruhusiwa kutua.