Bakuli Moja, Rafu Tatu



Nimeombwa nieleze namna mwanafunzi wa hapa Mwanza, aliye mbali na pwani na mbali zaidi na makumbusho ya Asia, anavyoweza kuchunguza sanaa za Asia kwa kutumia maktaba ya chuo. Mimi ni mtu wa lugha. Mtaniwia radhi nikianza na neno.

Neno kauri, ambalo wengine hulitamka kaure, lina maana mbili. Ni gamba dogo la baharini, yaani simbi. Na ni udongo mweupe uliochomwa ukawa chombo laini king'aacho. Asili yake ni Bara Hindi. Waitaliano nao walikiita chombo hicho kwa jina la gamba hilohilo, porcellana. Simbi zilifika hadi ziwani kwetu, na Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi. Basi asidhani mtu kwamba habari hizi ni za watu wa pwani peke yao.

Mfano wangu ni bakuli la kauri la Kichina lililopachikwa kwenye kaburi la nguzo, kama yale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, au ya Mambrui nchini Kenya. Mabakuli mengi yamekwisha kubanduliwa. Mahali pengi kilichobaki ni shimo la duara katika chokaa. Kwa hiyo picha na maelezo yaliyomo vitabuni si msaada wa ziada kwa mtafiti. Mara nyingi ndiyo ushahidi wenyewe.

Lakini ushahidi huo umetawanyika. Katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, ufinyanzi kama sanaa uko kwenye namba 738. Historia ya Tanzania iko 967.8, na kamusi za Kiswahili ziko mbali huko kwenye 496. Bakuli moja, rafu tatu, na hakuna rafu inayomtaja mwenzake. Anayesoma 738 pekee atamjua mfinyanzi wa Longquan au Jingdezhen, asimjue kabisa fundi wa pwani aliyelichagua bakuli na kulipa makao mapya. Na huyo naye alikuwa msanii.

Katalogi nayo ina mitego. Ukitafuta kwa neno "Swahili" katika majina ya vitabu, utavikosa viwili vilivyo muhimu kuliko vyote. Kitabu cha James Kirkman cha 1954 kinauita Gedi mji wa Waarabu. Kile cha Neville Chittick cha 1974 kinaiita Kilwa mji wa biashara wa Kiislamu. Waswahili hawamo katika majina hayo, ingawa ndio waliokuwa wakilia chakula katika vyombo hivyo. Tafuteni basi kwa jina la mahali, na kwa majina ya tanuri niliyokwisha kuyataja.

Kazi ya Chittick ina majuzuu mawili, na la pili ndilo la vitu vilivyofukuliwa. Anzeni na hilo. Pimeni kipenyo, tazameni kitako cha chombo, kisha linganisheni na mikusanyo ya nje. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, kwa mfano, tangu 2017 yameruhusu picha za kazi zake nyingi za zamani zitumiwe bure. Ila msikimbilie tarehe. Umri wa bakuli si umri wa kaburi. Chombo cha thamani huweza kukaa kabatini vizazi viwili kabla ya kufika ukutani. Kinachojulikana ni kwamba kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kufinyangwa.

Niseme na moja linaloniuma. Katika maktaba moja, nisiyoitaja, nilifungua kitabu cha aina hii nikakuta kurasa za picha zimekatwa kwa wembe. Shimo ukutani, na shimo kitabuni. Tangu siku hiyo nilianza kunakili michoro kwa mkono wangu, vibaya lakini kwa vipimo sahihi. Daftari hilo liko hapa mezani. Baada ya maswali mnakaribishwa kulipitia. Naomba tu mikono iwe mikavu.