Kahawa Isiuzwe Ingali Maua

Leo twanena habari za mkulima na mnunuzi wa kahawa.

Huko Bukoba umejulikana tangu zamani uuzaji uitwao butura: mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei duni, yakifika mavuno, faida ni ya mnunuzi.

Dawa yake ni nini? Ni umoja. Wakulima wa Kilimanjaro walijiunga mwaka 1925, na mwaka 1933 wakapata chama chao cha ushirika, KNCU, wauze kahawa yao pamoja.

Nasi wa Mpanda, tulimao mahindi na tumbaku, tujifunze kwao. Mwenzetu akipatwa na shida, na akopeshwe chamani, mazao yake yasiuzwe yangali shambani. Na mnunuzi mwema hulipa kilichopimwa, wala haivizii njaa ya mwenziwe.

Kwaherini.