Mti wa Old Moshi

Magari ya watalii yanayotoka Moshi mjini hukimbilia Marangu au Machame, shingo zote zikiuelekea mlima. Wachache mno hukata kona kupanda Old Moshi, ulipo mti ambao Wajerumani waliutumia kumnyonga Mangi (chifu) Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Jumla yao 19.

Miaka minane kabla, wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Sijui ni jeshi gani la kikoloni lililowahi kusahau aibu kama hiyo.

Leo pana sanamu ya Meli mahali hapo, ila familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Isaria Meli, mjukuu wake, alikidai kwa miongo. Septemba 2023, Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu wa mafuvu matatu yaliyohifadhiwa huko, likiwamo la Akida, mshauri wa Meli. La Mangi mwenyewe halikuwamo. Wachunguzi waendelee kutafuta, na serikali yetu isingoje kukumbushwa na wazee.