FEDHA ZA SERIKALI NA MKULIMA WA BIRONGO

Mazungumzo kwa wakulima wa Birongo, Kisii



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya msaada ambao Serikali huutoa kwa wakulima wakati wa dhiki. Jambo hili lataka maelezo ya wazi, kwa sababu wengi hulisikia nusu tu, na nusu hiyo huwatia hasara.

Msaada wa namna hii si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1954 ulitangazwa mpango wa Bwana Swynnerton, na Serikali ya Uingereza ikatoa paundi 5,000,000 kwa kuendeleza ukulima wa Waafrika wa Kenya. Kabla ya hapo Waafrika wengi walizuiliwa kupanda kahawa. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kujaribu tangu miaka ya 1930. Lakini mwaka 1989 mapatano ya nchi za dunia juu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na watu wengi wakaiacha mikahawa yao.

Dhiki nyingine ilikuja mwaka 2022, mbolea ilipopanda bei ulimwenguni. Mfuko wa kilo 50 ulifika kama shilingi 6,500. Mwezi wa Septemba mwaka ule Serikali ilitangaza kuuza mfuko kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 bei ikashushwa hadi 2,500. Anayenunua mifuko miwili huokoa fedha za kutosha kumsaidia mtoto shuleni.

Basi, angalieni sana jambo la kujiandikisha. Mkulima huandikwa pamoja na nambari ya simu, na ujumbe wa kumruhusu kununua hupelekwa kwa nambari hiyo. Fikirini habari ya mama mjane aliyeandikishwa kwa simu ya mwanawe aliyeko Nairobi. Ujumbe wafika Nairobi, mvua yanyesha Birongo, na mama apanda mahindi bila mbolea. Mwanawe si mwizi, amesahau tu. Lakini shamba halijui kusahau. Kwa hiyo, kila mama mwenye kulima aandikwe kwa jina lake na simu yake mwenyewe, na asiye na simu achague jirani mwaminifu aliye karibu.

La pili ni fedha za kahawa. Serikali ilianzisha mfuko wa shilingi 3,000,000,000 wa kuwapa wakulima malipo ya mbele, kwa riba iliyowekwa mwanzoni kuwa 3 kwa mia kwa mwaka. Nia yake ni kwamba mtu mwenye haja ya karo asimwuzie mlanguzi kahawa yake kwa bei ya kutupa, hali angali akingoja malipo ya chama cha ushirika. Fedha hizo ni mkopo, wala si zawadi. Hukatwa kahawa inapouzwa, na dawa ya deni ni kulipa. Kwa hiyo usichukue zaidi ya haja yako, ukaja kulalamika siku ya malipo kwamba karani amekuibia.

Yafaa pia niseme lisilopendeza. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mifuko kadha iliyouzwa kwa bei ya msaada haikuwa mbolea halisi, na Serikali ikatangaza kuwafidia walioinunua. Mwenye stakabadhi alikuwa na ushahidi. Asiyekuwa nayo alibaki na maneno. Wekeni stakabadhi zenu pamoja na hati za shamba, na mkishuku mbolea, mwambieni Bwana Shamba kabla ya kuitia ardhini.

Mashamba yetu yamekuwa madogo kwa kugawanywa baina ya ndugu. Katika shamba dogo, kosa la msimu mmoja ni njaa ya mwaka. Serikali yaweza kupunguza bei ya mbolea. Kufuata haki yako mpaka ifike shambani ni kazi yako mwenyewe.