Kuutangaza Mji na Kuitimiza Ahadi Yake

(Sehemu kubwa ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha na wakaazi wa Mji Mkongwe, Unguja)



Nimetakiwa nieleze kazi ya ofisi inayoutangaza mji kwa wageni na kwa waandalizi wa mikutano. Wengi wetu tukiisikia kazi hiyo huwazia picha ya ufukwe, mnazi ulioinama na maneno matamu chini yake. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo. Ofisi ya namna hii haina chumba hata kimoja cha kukodisha, haina gari la kubebea wageni, wala haina jiko. Inachokiuza ni neno la mji. Inamwambia mtu aliye mbali kwamba akija atakuta kadha wa kadha. Inatoa ahadi, na watimizaji wa ahadi hiyo ni watu wengine, baadhi yao wakiwa ni sisi tuliokaa humu ukumbini.

Kazi hii ina tarehe yake. Mwezi wa Februari 1896, katika mji wa Detroit, Marekani, mwandishi wa gazeti aitwaye Milton Carmichael aliandika kwamba wafanyabiashara kutoka kila upande walikuwa wakija kukutana mjini hapo, na akawataka wakubwa wa biashara wa mji waungane kuitafuta mikutano hiyo badala ya kuingojea. Haukupita mwezi wakakutana hotelini na kuunda jumuiya kwa ajili hiyo. Miji mingine ikafuata, na mwaka 1914 ofisi hizo zikawa na chama chao. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa khabari, sikosi kufurahi kwamba aliyelianzisha jambo hili hakuwa mwenye hoteli.

Sasa tuangalie mkutano unavyopatikana, maana hapa ndipo penye kazi. Chama cha madaktari, au cha wataalamu wa bahari, hukutana kila mwaka au kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara huhamia mji mwengine. Mji hauchaguliwi wiki mbili kabla. Aghalabu huchaguliwa miaka miwili, mitatu au zaidi mbele. Ofisi ya mji huandaa waraka wa maombi unaoeleza kumbi zilizopo na idadi ya viti vyake, vyumba vya kulala na bei zake, ndege zinazotua, taratibu za viza, hospitali, usalama, na umeme ukizimika litawashwa jenereta gani. Wakiridhika, waandalizi huja kukagua. Huhesabu vyoo. Hupanda ngazi. Huuliza mtu asiyeweza kutembea atapita wapi. Na aghalabu mji hauingizwi katika orodha ila kuwe na mwenyeji ambaye mwenyewe ni mwanachama: daktari wetu, mwalimu wetu wa chuo kikuu, ambaye amesimama kwenye mkutano uliopita akasema, njooni kwetu. Kwa hiyo ofisi yenye akili huanza kwa kuwatafuta wataalamu wa nyumbani kabla ya kutafuta tangazo la kulipia nchi za nje.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la wenye bahari au la wakubwa wa dunia peke yao. Nairobi ilikamilisha jumba lake la mikutano mwaka 1973, na mwaka huo huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakakutania humo. Arusha ilirithi majengo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, ikayageuza kituo cha mikutano mwaka uliofuata. Kigali haina ufukwe wa bahari. Lakini Rwanda iliunda ofisi ya mikutano mwaka 2014, jumba likafunguliwa 2016, na mwezi wa Juni 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana hapo.

Kwetu faida ya mikutano ina sura yake pekee. Mgeni wa jua hukimbia masika. Mwezi wa Aprili na wa Mei baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango, na vijana wetu hurejea nyumbani bila ya ujira. Mjumbe wa mkutano hana haja ya jua, kwani anashinda ukumbini. Mikutano miwili mitatu ikipangwa ndani ya masika ni mshahara wa miezi miwili kwa mpishi, kwa dereva na kwa muuza samaki wa Malindi. Lakini hapo hapo pana jambo ambalo ofisi haina budi kuliweka wazi katika waraka wake: Ramadhani huhama kila mwaka, na atakayekuja mwezi huo ajue mapema kuwa mchana mikahawa mingi imefungwa na mji umetulia. Akiambiwa mapema hustahi na hufurahia. Akigundua mwenyewe na njaa yake, huona ametapeliwa.

Chuoni tulifunzwa kwamba mwenye kuahidi hudaiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilipangiwa kuwatembeza wajumbe wa mkutano mmoja. Mkononi walikuwa na kijitabu kilichotaja jengo moja la makumbusho na saa zake za kufunguliwa. Tulifika ndani ya saa hizo tukakuta kufuli, tena lenye kutu. Mjumbe mmoja, bibi wa makamo, aliniuliza kwa upole nani aliyeandika kijitabu kile. Sikumjibu, kwa sababu ukurasa ule niliuandika mimi, kwa kunakili cha mwaka wa nyuma bila ya kwenda kutazama. Mzee aliyekuwa amekaa barazani pale mkabala alituona tumesimama juani, akaagiza kahawa. Yeye ndiye aliyeusitiri mji siku ile. Si mimi, wala si kijitabu.

Kubwa zaidi ni Beit al Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na kwa miaka mingi hapana takriban kijitabu kilichoitangaza Zanzibar bila ya picha yake. Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na jumba lile likawa kama uso wetu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Picha ni rahisi. Paa ni ghali. Katika miji mingi ya Marekani sehemu ya kodi ya chumba cha hoteli huenda kwenye ofisi ya kuutangaza mji, na Las Vegas kodi hiyo ilisaidia kujenga ukumbi wa mikutano uliofunguliwa 1959. Sisi tunaweza kuiga, ila maoni yangu ni kwamba shilingi ya mwanzo iende kwenye boriti na chokaa, na ya pili ndiyo iende kwenye karatasi ya kung'ara.

Ndugu wananchi, na nyinyi mna haki katika jambo hili. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, huijaza Ngome Kongwe; mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na kila mwenye duka Shangani aliliona pengo. Hilo ni la faida. Lakini mama aliyekaa mlangoni kwake si kivutio, na harusi ya jirani haimo katika ratiba ya mgeni ila kwa kukaribishwa. Ofisi isitie katika kijitabu sura ya mtu asiyeombwa ruhusa, na mgeni aelezwe mapema kuhusu mavazi ya heshima mitaani, si akemewe akishafika Darajani.

Orodha ya majengo na saa zake imeanza kupitiwa upya, na safari hii kila mlango unakwenda kutazamwa kwa macho. Masheha watapatiwa nakala. Atakayeona mlango umeandikwa kuwa uko wazi nao umefungwa, amwambie Sheha wake naye atuletee. Nipo tayari kwa masuali.